Pima Pantoni Ikiwa Tupu

Zena mwanangu,

Hali yangu unaijua. Leo tumeamka nyumba moja, na jana tumenuniana nyumba hiyohiyo, kwa hiyo sina haja ya kuanza kwa kukujulisha kwamba mimi ni mzima. Ni mzima, nimechoka tu. Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na shangazi yako ninavyomjua hamwachi mtu mapema, basi nimeketi hapa barazani kati ya ndoo zilizooshwa na ndoo ambazo hazijaoshwa, nikaona nikuandikie. Maneno ya mdomoni uliyakataa jana. Labda haya utayasoma usiku huu ukiwa kitandani, huna pa kukimbilia.

Habari za kula, kulala, chandarua na nani wa kumwamini sikuandikii. Umekua. Tena hayo yote baba yako amekwambia wiki nzima bila kupumzika, mpaka nikakuonea huruma. Mimi nataka tuzungumze ile mota.

Kesho asubuhi, kabla ya basi la Ulyankulu, utapitia duka la pampu pale mjini uchague mota ya umeme ya kusukumia pantoni ya warina asali. Mzee Masanja na wenzake wa kule mtoni wamekuachia uchague mwenyewe, kwa sababu umesomea umeme na kwa sababu wewe ndiwe utakayekuwa unawavusha. Mota ziko mbili. Kuna ndogo, ya betri moja, mguu wake mfupi. Kuna kubwa, ya betri mbili, mguu wake mrefu unashuka majini ndani kabisa. Umeshapiga hesabu zako na unataka ndogo. Nilipokwambia chukua kubwa ukaniuliza kwa nini, mimi nikashindwa kukujibu vizuri, nikapandisha sauti. Nawe ukasema, "Mama, wewe ni muuza asali, siyo fundi."

Haya. Ni kweli, mimi ni muuza asali. Iliniuma lakini ni kweli. Na mota ya kwanza ya pantoni ile ilichaguliwa hivyohivyo, na muuza asali.

Kisa cha bega la baba yako unakijua. Umekisikia mara ngapi hapahapa barazani? Anakisimulia huku anacheka: upepo ulivyotuzoa, yeye alivyoruka majini kana kwamba bado kijana, kisiki kilivyompokea. Watu wanashika mbavu, chai inaongezwa. Wewe ulikuwa bweni wakati ule, ulirudi likizo ukamkuta kafungwa mkono kifuani, akakuchekesha hata wewe. Sasa jaribu kukumbuka vizuri. Je, umewahi kumsikia akitaja mota katika kisa hicho? Hujawahi. Hakuna aliyewahi. Mota niliichagua mimi, na baba yako ni mtu wa namna hiyo.

Nikueleze basi, na nitajaribu kutopandisha sauti.

Mwanzoni tulikuwa tunatumia mashine ya petroli, ya kuazima. Mto Igombe, masika ikiisha, unakuwa umetanda kule nyuma ya Ulyankulu, ukisimama ng'ambo hii huwaoni vizuri watu wa ng'ambo ile, na mizinga yote iko ng'ambo ile. Masanja na baba yako wakapigilia mbao juu ya mapipa ya plastiki, wakayafunga kwa kamba na waya, ikawa pantoni. Ilikuwa mbaya kuitazama lakini ilibeba. Mashine ya petroli ikasukuma msimu mzima. Halafu nikaleta asali mjini. Mteja wangu wa siku zote, mama mmoja wa Kiarabu pale karibu na soko, akafungua ndoo, akainama, akanusa, akafunika. Alinirudishia ndoo yangu mkononi tu, na mimi nikaelewa. Asali inavuta kila harufu iliyo karibu nayo. Warina wenyewe siku ya kurina hawajipaki hata mafuta ya nywele, wanaogopa pua za nyuki, na mimi nimekaa na debe la petroli katikati ya ndoo! Msimu mzima uliharibika kwa harufu.

Ndiyo nikasikia habari za mota za umeme. Hazina moshi, hazina kelele, unafunga betri, unazungusha mpini, unakwenda. Nikapanda gari hadi Igunga, kwa muuzaji mmoja aliyekuwa akishushiwa vitu na malori ya Mwanza. Wala sikumchukua baba yako. Nilisema mambo ya maji anajua yeye, lakini mambo ya mzigo najua mimi.

Muuzaji akaniuliza, "Mama, unabeba mzigo kiasi gani?"

Zena, nilifurahi! Hakuna swali duniani ninalolijibu vizuri kuliko hilo. Nikamtajia ndoo za asali, nikamwonya kwamba ndoo ya asali siyo ndoo ya maji, ni nzito zaidi, asije akanipunja. Nikamtajia watu, mbao, mapipa, betri yenyewe. Nikaongeza hata uzito wa mbao zikishalowa. Yule kijana alinitazama akasema, "Mama, wewe ungekuwa injinia." Akapiga hesabu, akasema ndogo inatosha. Nikarudi nimejaa sifa, mota nimeipakata njia nzima, wala simwachii kondakta aiguse.

Na ilitosha. Hapo ndipo penye balaa, kwamba ilitosha! Siku ya kwanza tulivuka na asali mpaka mbao zinakaribia kugusa maji, mimi nimefumba macho nasali, na pantoni inakwenda polepole, imetulia kuliko kitanda. Tuliposhusha ndoo ya mwisho nikapiga kigelegele. Baba yako akanitania, "Leo Mama Zena amekuwa nahodha." Nikaona kazi imekwisha, iliyobaki ni kurudi ng'ambo kuchukua shehena ya pili, pantoni tupu, nyepesi. Nani anaogopa pantoni tupu?

Unajua sisi kwetu tunapima kila kitu kwa mzigo. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyetoka hapa Tabora na pembe begani hadi pwani. Katika masimulizi ya bibi hatari yote ilikuwa safari ya kwenda. Ya kwenda ina njaa, ina kiu, ina mabega yaliyochubuka. Ya kurudi ina nyimbo, na kaniki za wake zao, na shanga za watoto. Sijamsikia bibi hata mara moja akisema fulani alifia njiani akirudi. Siku hizi nadhani walikufa wengi tu, ila mabegani hapakuwa na kitu cha maana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kusimulia. Nilikulia ndani ya hadithi hizo. Mzigo ukitua, umepona. Ndivyo nilivyoamini, na ndivyo nilivyokulea wewe, unisamehe.

Tukaanza kurudi, mchana, jua limesimama. Ilikuwa ule wakati wa kiangazi ambapo upepo wa mashariki unaamka asubuhi ukiwa mpole, ukifika mchana umeshakasirika. Asubuhi tulikuwa wazito, hatukuusikia. Sasa pantoni ilikuwa imepanda juu ya maji, mapipa yote yako nje, yanaonekana mpaka tumboni. Na juu yetu palikuwa na turubai. Turubai lile nililitaka mimi, asali isipigwe na jua. Asali haikuwepo tena, lakini nani alikumbuka kulishusha?

Katikati ya mto nikasikia mota imebadilisha sauti. Ilikuwa inanguruma chini kwa chini, mara ikaanza kulia juu, sauti nyembamba. Baba yako akainama akatazama. Mguu wa mota ulikuwa mfupi. Tulipokuwa na mzigo pangaboi lilizama vizuri, sasa mapipa yamepanda nalo limepanda, nusu liko majini nusu liko hewani, linakoroga povu. Akazungusha mpini mpaka mwisho, wapi! Upepo ukajaa kwenye turubai. Pantoni ikageuka ubavu, ikaanza kwenda inakotaka yenyewe, na ilikotaka ni kule kwenye miti iliyokufa majini, vile visiki.

Baba yako akaruka na kamba ili aishike. Alifikiri kama mimi, na wewe ungefikiri hivyohivyo, kwamba kitu kitupu mtu mmoja anakizuia. Zena, kitu kitupu kikisukumwa na upepo hakizuiliki. Kilimbeba kikamgandamiza kwenye kisiki, hapa begani. Nilisikia ule mlio. Sitauandika.

Nililala kifudifudi kwenye mbao nikamshika ukosi wa shati. Mamba wako kule, kila mtu anajua, lakini sikuwawaza. Nilikuwa nawaza ukosi tu, kwamba shati lenyewe limechakaa, nililifua mimi, najua lilivyochakaa. Nikaanza kupiga kelele namwita Masanja. Na baba yako, uso umekuwa wa kijivu, ananiambia taratibu, kama vile ananituma sokoni, "Mama Zena, shusha turubai."

Ndiyo maneno pekee aliyosema. Nikatumia mkono mmoja na meno, nikakata kamba ya turubai, likaanguka, na pantoni ikalegea hapohapo. Ikaacha kumsukuma. Masanja akaja na mtumbwi.

Mengine unayaona mwenyewe kila siku. Mtu aliyekuwa anapanda miti mirefu na mzinga mgongoni sasa hainui mkono kupita sikio. Anakaa uani anachonga mizinga, wengine wanakuja kuichukua wakaitundike. Wakija anatoka nao hadi barabarani, anawatazama wakiondoka. Mimi huwa niko dirishani. Nilimwonea huruma miaka yote, na kumwonea mtu huruma kila siku kunachosha kuliko kubeba ndoo.

Na jambo moja sijamwambia mtu. Nilimsubiri aseme. Tulipokuwa hospitali nikasema atasema leo. Tuliporudi nyumbani nikasema atasema tukigombana, maana watu wakigombana hutoa yote. Tumegombana mara nyingi, kuhusu chumvi, kuhusu ndugu zake, kuhusu redio yake inayokoroma. Hajasema, "Mota yako." Hata kwa jicho hajasema. Mtu akikusamehe kimya namna hiyo unashukuru, lakini kosa lako huna pa kulitua. Huko uendako utakosea, mwanangu, na wewe ndiwe utakuwa umeshika mpini. Tafuta mtu wa kukugombeza siku hiyohiyo, mkae myaseme, myamalize. Usije ukakaa dirishani miaka yote kama mimi.

Ndiyo maana jana sikukujibu. Ulipouliza kwa nini, baba yako alikuwa palepale na redio yake, na jibu lenyewe ni bega lake. Ningelisemaje? Nikaona heri nikukaripie tu, nionekane mama mkali asiyejua umeme.

Nikwambie na lingine, halafu nimalize, mkono umeanza kuuma. Bibi yako, mama yangu, alipougua, nilimuuguza mimi. Unakumbuka? Namgeuza, namwogesha, nafungua duka, nachuja asali, narudi namgeuza tena. Watu walinionea huruma, wakaniletea uji. Nilikuwa mzima kabisa! Nilikuwa na mzigo, nimekaa sawasawa. Siku alipozikwa, wageni wakaondoka, majamvi yakarudishwa, wakaniambia sasa pumzika. Nikapumzika. Ndipo nilipoanza kupotea. Nilikuwa nafika sokoni nimesahau nilichofuata. Nilikuwa nakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka adhuhuri. Wewe ulinikuta hivyo siku moja, ukanivalisha kiatu cha pili, hukuuliza kitu. Nilikupenda sana siku ile. Nilijiandaa kwa ugonjwa wa mama, nilijiandaa kwa kifo chake, lakini hata siku moja sikujiandaa kwa zile asubuhi ambazo hapakuwa na mtu wa kugeuza.

Kwa hiyo fundi, nisikilize. Hesabu zako nimezitazama, hazina kosa hata moja, zimekaa vizuri kuliko zangu za Igunga. Ila umepima pantoni iliyojaa. Pima ikiwa tupu. Ukifika dukani, yule muuzaji atakuuliza unabeba nini. Mwambie, sibebi kitu. Mwambie nataka mota ya kusukuma pantoni isiyo na kitu, mchana wa kiangazi, upepo umenikabili usoni, na mwingine anatoka ubavuni. Atacheka. Mwache acheke. Kisha mwambie akuonyeshe mguu wa mota, uulinganishe na urefu wa kutoka kwenye mbao mpaka kwenye maji, mapipa yakiwa yamepanda, siyo yamezama, na uhakikishe pangaboi litakuwa bado ndani ya maji. Ulisema betri ya pili itakula nafasi ya ndoo. Itakula. Acha ndoo chache, Masanja akinuna mwambie Mama Zena ndiye aliyesema, yeye ananijua na anajua kwa nini. Na kivuli usiweke. Ukilazimika, liwe turubai la kuanguka kwa kamba moja, na kamba hiyo ikae karibu na mkono wako.

Nimesema usiku na mchana kwamba sitaki kukuamulia. Bado nataka kukuamulia, sikufichi. Ningekuwa na uwezo ningeingia dukani kabla yako nikaibeba ile kubwa mgongoni mpaka kwenye basi. Lakini atakayekuwa katikati ya mto ni wewe, na huko hutakuwa na mama wa kukushika ukosi. Kesho sitaingia dukani. Nitasubiri nje. Utakachotoka nacho mkononi nitakupakilia kwenye basi bila kununa, nakuahidi, na uso wangu nitautengeneza.

Jua linazama, naona watoto wa jirani wamerudi kutoka kisimani. Baba yako amemaliza mzinga wako. Hakukwambia, lakini alikuwa anakuchongea mzinga mdogo ukautundike kule kwa jina lako. Umechongeka vizuri upande mmoja, upande mwingine mkono ulimchosha, usije ukamwuliza.

Sasa hivi amepita hapa na patasi yake, akaniona naandika, akajua. Hakuuliza naandika nini. Akasema kesho atakuja na sisi stendi. Nikamwambia, baba Zena, ya nini kujichosha, bega linakusumbua na kutoka huku mtaani kwetu Ng'ambo mpaka stendi siyo karibu, mimi na mwanangu tutabeba mizigo yote, wewe huna hata kifurushi cha kushika.

Akasema, "Sendi kwa ajili ya kwenda." Akasimama kidogo, anaipangusa ile patasi kwenye suruali. "Naenda kwa ajili ya kurudi. Utakuwa mwepesi sana, Mama Zena."

Basi mwanangu, anajua. Kumbe miaka yote anajua mota ilikosea wapi.

Nenda salama, na urudi salama, hasa urudi.

Mama yako